Hesabu za Nyumbani: Robo ya 12 ni Ngapi?



Mwezi huu tuna hesabu ya mafungu. Kabla hujaendelea kusoma, chukua punje 12 za mahindi uziweke karibu nawe. Kama mahindi yamekwisha, chukua kokoto 12, au mbegu za ukwaju. Usisome kwa macho peke yake. Hesabu hii husomwa kwa mikono.

Lakini usichukue mbegu za pamba za kupandia. Mbegu hizo zimetiwa dawa ya kuua wadudu, na watoto hupenda kutia vidole mdomoni. Na kama nyumbani kuna mtoto mdogo wa kutambaa, hesabu punje zako mwisho wa somo zote zitimie 12. Mtoto mdogo huweza kuingiza punje puani.

Sasa nieleze kwa nini nimechagua habari hii.

DAFTARI LENYE SIFURI

Nilikwenda kumtembelea dada yangu, katika kijiji kimoja kisicho mbali na Dutwa, wilaya ya Bariadi. Ulikuwa msimu wa kuuza pamba. Mbele ya nyumba palitandikwa turubai, na juu yake pamba nyingi. Dada na binti zake walikuwa wakichambua. Pamba safi waliweka upande huu, pamba fifi upande ule. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kigoda akishona gunia lililotoboka.

Ilikuwa siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Mtoto wao wa kiume, aliye darasa la tatu, alikuwa nyumbani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Leo hakuna shule?"

Mtoto aliinamisha kichwa. Baba yake akajibu kwa niaba yake.

"Shule ipo. Hesabu zimemshinda huyu. Amepata sifuri, na sasa anasema harudi tena. Mimi nimemwambia, kama hutaki kalamu, ng'ombe wapo."

Nikaomba kuliona lile daftari. Swali lilikuwa hili: Robo ya machungwa 12 ni machungwa mangapi?

Mtoto alikuwa amechora machungwa 12, mazuri kabisa. Kila chungwa alikuwa amelikata vipande 4 kwa mistari. Katika kila chungwa alikuwa ametia rangi kipande kimoja. Hakuandika jibu lolote. Mwalimu alikuwa amepiga mkasi mwekundu juu ya machungwa yote.

Nikamwuliza, "Mjomba, kwa nini umekata machungwa yote?"

Akasema, "Mwalimu alitufundisha kwamba robo ni kukata chungwa vipande vinne na kuchukua kimoja. Alikata chungwa pale mbele. Sasa hapa machungwa ni 12. Nikakata yote. Halafu sikujua niandike nini."

Ndugu msomaji, tulia kidogo hapa. Tazama alichofanya mtoto huyu. Wewe ungempa sifuri?

Mimi nilimwambia ahesabu vile vipande alivyotia rangi. Akahesabu. Vipande 12.

"Vipande vingapi hufanya chungwa zima?"

"Vinne."

"Basi viunganishe. Vipande 4, chungwa moja. Endelea."

Akaweka kidole kwenye daftari. Vinne, moja. Vinne vingine, mawili. Vinne vingine, matatu. Vipande vikaisha.

"Matatu!" akasema kwa sauti. Dada akainua kichwa kutoka kwenye pamba.

Ndilo jibu lenyewe. Robo ya machungwa 12 ni machungwa 3. Mtoto alikuwa amefuata kweli yote aliyofundishwa. Alibakiza hatua moja tu, akasimama mlangoni. Simlaumu mwalimu. Mwalimu mwenye watoto wengi mbele yake hapati nafasi ya kumwuliza kila mmoja, "Ulifikirije?" Lakini mzazi nyumbani ana nafasi hiyo, jioni wakati ugali unapikwa. Mtoto akikosa, mwulize kwanza alivyofikiri, kabla hujamwambia habari za ng'ombe.

KIPANDE NA FUNGU

Shida ya mtoto huyu wanayo watoto wengi, na watu wazima pia. Tunapofundishwa nusu na robo, tunaanza na kitu kimoja. Tunakata chungwa. Tunakata mkate. Tunakunja karatasi. Basi kichwani mwetu robo inakuwa ni kipande. Ni kitu kilichokatwa kwa kisu.

Kumbe robo inaweza kuwa fungu pia. Robo ya vitu vingi ni fungu moja, vitu hivyo vikigawanywa katika mafungu manne yaliyo sawa. Hapo kisu hakihitajiki.

Nilimpima mtoto tena. "Robo ya mbuzi 8 ni nini?"

Akacheka. "Mpaka tuwachinje, mjomba."

Dada zake wakacheka pia. Lakini hilo ndilo jibu la mtu anayejua kipande na asiyejua fungu. Mbuzi 8 ukiwagawa katika mafungu manne, kila fungu lina mbuzi 2. Robo ya mbuzi 8 ni mbuzi 2, wazima, wenye miguu yao, wanaolia.

TUANZE NA PUNJE 12

Sasa shika punje zako. Mwite na mtoto wako. Mkae chini, mahali pasafi.

Kwa nini punje 12? Kwa sababu 12 ni namba ya upole. Inagawanyika kwa 2, kwa 3, kwa 4 na kwa 6, bila kubakiza kitu. Ukianza na punje 10, nusu itapatikana, lakini robo itakusumbua. Ukianza na 7, hata nusu itakusumbua. Mwanafunzi wa kwanza asipewe jambo la kumsumbua. Baadaye atalikuta mwenyewe.

Chora duara mbili mchangani. Mwambie mtoto agawe punje kwa zamu, moja hapa, moja pale, moja hapa, moja pale, mpaka ziishe. Watoto wote wanajua kugawa kwa zamu. Hivyo ndivyo wanavyogawana karanga, na hakuna anayekubali kupunjwa. Kila duara itakuwa na punje 6. Mwambie: "Mafungu ni mawili, yako sawa. Fungu moja ndilo nusu. Nusu ya 12 ni 6."

Futa. Chora duara tatu. Agawe tena kwa zamu. Kila duara ina punje 4. Fungu moja kati ya mafungu matatu huitwa theluthi. Theluthi ya 12 ni 4.

Futa. Chora duara nne. Agawe tena. Kila duara ina punje 3. Hiyo ni robo.

Usiende haraka. Siku ya kwanza mtoto akijua nusu peke yake, inatosha. Na usimwandikie bado namba za juu na chini. Kwanza mikono, halafu mdomo, halafu kalamu. Tukianza na kalamu, mtoto anakariri alama asizozijua, kama mtu anayeimba wimbo wa lugha ngeni.

Mtoto wako anaweza kukuletea ubishi mmoja. Yule wa dada yangu aliuleta. Alisema, "Mjomba, punje za fungu hili ni kubwa kuliko za lile." Ni kweli. Punje hazilingani. Mwambie kwamba katika hesabu hii tunahesabu idadi, hatupimi ukubwa. Punje moja ni moja, iwe kubwa, iwe ndogo. Kwenye ng'ombe mambo ni mengine, wazee mnajua. Mwambie mtu achukue robo ya ng'ombe 12 na umwachie achague mwenyewe. Atachukua watatu kweli, lakini ndama hatakuwamo.

ROBO TATU, THELUTHI MBILI

Mtoto akiweza fungu moja, mwongoze kwenye mafungu zaidi ya moja. Rudi kwenye duara nne zenye punje tatu tatu. Fungu moja ni robo. Mafungu matatu je? Ni robo tatu. Azikusanye azihesabu: 3, 6, 9. Robo tatu ya 12 ni 9.

Rudi kwenye duara tatu zenye punje nne nne. Mafungu mawili ni theluthi mbili. Theluthi mbili ya 12 ni 8.

Sasa ndipo achukue kalamu. Robo tatu huandikwa hivi: 3/4. Namba ya chini, 4, inakuambia ugawe mafungu mangapi. Shuleni huitwa asili. Namba ya juu, 3, inakuambia uchukue mafungu mangapi. Shuleni huitwa kiasi. Sisi nyumbani tunaweza kusema, "Chini gawa, juu chukua." Mtoto wa dada yangu aliyarudia maneno hayo siku nzima, hata wakati wa kunywesha ndama.

Basi akiulizwa 2/3 ya 15, atafanya hivi. Chini ni 3, agawe 15 katika mafungu matatu. Kila fungu lina 5. Juu ni 2, achukue mafungu mawili. Jibu ni 10.

Maneno nusu, theluthi na robo tumeyapata katika Kiarabu, na ni ya zamani katika Kiswahili. Sehemu nyingine hatuna neno la kila siku. Tunasema tu moja ya tano, moja ya sita. Inatosha. Sokoni mnatumia moja ya tano kila siku, ila hamwiti hivyo. Debe la lita 20 hujazwa kwa makopo 5 ya sado ya lita 4. Sado moja ni moja ya tano ya debe.

SHEMEJI AOMBA PUNJE

Tulipofika hapa shemeji aliacha kushona gunia. Alikuwa akitazama zile duara. Nilidhani anamtazama mtoto. Kumbe alikuwa anatazama punje.

"Shemeji," akasema, "hebu rudia. Theluthi ni punje ngapi?"

"Theluthi ya 12 ni 4."

"Na robo?"

"Robo ni 3."

"Kwa hiyo theluthi ni kubwa kuliko robo."

"Ndiyo. Theluthi ni kubwa."

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nipe hizo punje. Na nyingine tena. Nataka 24."

Akatueleza habari ambayo hata dada hakuijua vizuri. Miaka michache nyuma shemeji hakuwa na maksai. Alipatana na mtu mwenye maksai na plau amlimie shamba la mahindi. Malipo yangekuwa robo ya mavuno. Hawakuandikiana. Walishikana mikono.

Alivuna magunia 24. Yule mtu akaja na mkokoteni wake. Akasema hivi: "Ndugu yangu, naona mwaka huu una mzigo wa watoto. Sitaki robo tena. Nipe theluthi tu. Robo ni moja ya nne, theluthi ni moja ya tatu. Tatu ni ndogo kuliko nne. Nakupunguzia."

Shemeji alishukuru sana. Alimpa ile theluthi.

Sasa alikuwa anagawa punje 24 mchangani, kwa vidole vyake vikubwa. Kwanza mafungu manne. Kila fungu punje 6. Akazitazama. Halafu akazichanganya, akagawa mafungu matatu. Kila fungu punje 8.

"Magunia 6," akasema. "Nilipaswa kumpa 6. Nikampa 8."

Hakuna aliyesema kitu.

"Na jogoo nilimchinjia," akasema.

Dada alisema yule mtu alijua anachofanya. Shemeji alisema labda naye hakujua. Mimi sikuwapo, siwezi kuhukumu. Lakini gunia la mahindi ni kama kilo 100. Magunia 2 ni kilo 200. Nyumba inayokula kilo 4 kwa siku hula kilo hizo kwa siku 50. Hizo ni siku 50 za ugali zilizopanda mkokoteni wa mtu mwingine.

KWA NINI THELUTHI NI KUBWA

Kosa hili ni la kawaida sana. Waalimu wa hesabu wanalijua, katika nchi zote. Mtu anaona 1/3 na 1/4. Macho yake yanakwenda kwenye 3 na 4. Anajua 4 ni kubwa kuliko 3. Basi anasema 1/4 ni kubwa.

Maneno hayasaidii sana kuondoa kosa hili. Punje zinasaidia. Namba ya chini haihesabu vitu unavyopata. Inahesabu mafungu, yaani watu wanaokula sufuria moja. Sufuria ya viazi ikiliwa na watu 3, kila mmoja atashiba. Ikiliwa na watu 4, kila mmoja atapata kidogo zaidi. Wakija watu 10, mtalala njaa wote. Mafungu yakizidi, fungu linapungua. Mwulize mtoto, "Unataka kula sahani moja na wenzako watatu au na wenzako tisa?" Atakujibu bila kalamu.

Kuna njia nyingine ya kusema robo na theluthi, nayo ni nzuri hasa kwa mapatano. Robo ni moja katika kila 4. Theluthi ni moja katika kila 3. Panga magunia manne manne kwa mstari, na katika kila mstari toa moja. Magunia 24 yatafanya mistari 6. Utatoa magunia 6. Ndivyo alivyofanya mtoto na machungwa yake, ila yeye alitoa kipande katika kila chungwa, na sisi tunatoa gunia katika kila mstari. Jibu ni lile lile.

Kwa hiyo mkipatana na mtu juu ya kulima, kuchunga au kupalilia, msiseme "robo" mkaishia hapo. Semeni, "Katika kila magunia 4, moja ni lako, 3 ni yangu." Liandikeni neno hilo kwenye karatasi, na mfano wake: magunia 8, yako 2; magunia 12, yako 3; magunia 24, yako 6. Mtie sahihi wote wawili mbele ya shahidi, kabla plau halijaingia shambani. Mtu mwema hatakataa kuandika.

PAMBA NAYO INA THELUTHI

Binti mkubwa wa dada, aliyekuwa akichambua pamba, akauliza kama na pamba ina mafungu. Swali zuri. Ina mafungu yake tangu siku ilipoota.

Pamba unayopeleka kwenye chama cha msingi huitwa pamba mbegu, maana mbegu zimo ndani. Kwenye kiwanda cha kuchambulia, mashine hutenga nyuzi na mbegu. Nyuzi ni karibu theluthi moja ya uzito wote. Zinazobaki, karibu theluthi mbili, ni mbegu. Hupungua au kuzidi kidogo, kufuatana na aina ya mbegu na usafi wa pamba. Basi katika kilo 300 za pamba mbegu, kama kilo 100 ni nyuzi. Hizo ndizo zinafungwa marobota na kwenda kufanywa nguo. Kama kilo 200 ni mbegu. Nazo hazitupwi. Zinakamuliwa mafuta ya kula, na makapi yake ni mashudu ya ng'ombe.

Sote hufikiri tunauza nyuzi. Kwa uzito, sehemu kubwa ya mzigo tunaoubeba ni mbegu.

Pamba na kisomo ni ndugu wa siku nyingi katika Kanda hii ya Ziwa. Mwaka 1968 mpango wa kisomo cha watu wazima ulianzishwa Mwanza kwa msaada wa UNESCO. Wakati huo Bariadi ilikuwa katika mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulikuja kuundwa mwaka 2012. Wakulima walifundishwa kusoma kwa vitabu vilivyozungumza habari za kazi zao, na pamba ikiwamo. Wazo lile lilikuwa jema. Mtu hujifunza upesi jambo linalogusa ghala lake.

ZIKIBAKI JE?

Sasa tuchukue ile namba ya kusumbua niliyoiahirisha. Robo ya 10.

Gawa punje 10 katika duara nne. Kila duara itapata 2, na punje 2 zitabaki mkononi. Ufanyeje? Hapa mtoto atakutazama, na hapa mafundisho mawili yanakutana, lile la kipande na lile la fungu.

Kama vitu ni viazi, chukua kisu. Vile 2 vilivyobaki vikate kila kimoja nusu. Utapata nusu 4. Kila fungu liongezewe nusu moja. Robo ya viazi 10 ni viazi 2 na nusu. Kama vitu ni mbuzi, kisu hakifai. Lazima mpatane kwa njia nyingine: fedha, au zamu ya maziwa, au wale 2 wauzwe mgawane bei.

Jambo hili limewashughulisha watu tangu kale. Mto Simiyu humwaga maji yake Ziwa Victoria, na maji ya ziwa hushuka kwa mto Nile mpaka Misri. Huko Misri, zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, karani mmoja jina lake Ahmes aliandika kitabu cha hesabu. Karatasi yake ilitengenezwa kwa mafunjo, majani yale yale yanayoota kando ya ziwa letu. Kitabu hicho leo kimehifadhiwa London. Na baadhi ya hesabu za mwanzo ndani yake ni hizi: mikate michache igawanywe sawa kwa watu 10. Mkate mmoja kwa watu 10. Mikate 2 kwa watu 10. Mikate 6. Mikate 9. Karani yule naye alikuwa na mikate isiyotosha, na watu wanaomtazama.

UBAO WA BAO

Kama hutaki punje, tumia bao. Wazee wanaocheza bao chini ya mti wana darasa zima mbele yao. Bao lina mashimo 32, mistari 4 ya mashimo manane manane. Mmoja ana mistari miwili, mwenzake miwili. Mwulize mtoto: mashimo ya mchezaji mmoja ni sehemu gani ya bao zima? Ni nusu, mashimo 16. Mstari mmoja je? Ni robo, mashimo 8. Nusu ya mstari mmoja je? Mashimo 4, ambayo ni moja ya nane ya bao lote. Hapo mtoto ameona mwenyewe kwamba nusu ya robo ni moja ya nane, na hakuna aliyemfundisha.

Mwalimu naye anaweza kutumia boksi la chaki, vizibo vya soda, au watoto wenyewe. Waite watoto 12 wasimame mbele. "Theluthi mbili wakae chini." Wataanza kusukumana na kubishana. Waache wabishane. Ndani ya ubishi huo ndimo wanamojifunza.

MASWALI YA MWEZI HUU

Fanyeni pamoja, mzazi na mtoto. Tumieni punje kwanza, kisha andikeni.

1. Nusu ya mayai 18 ni mayai mangapi?

2. Theluthi ya mbuzi 21 ni mbuzi wangapi?

3. Robo tatu ya magunia 16 ni magunia mangapi?

4. Moja ya tano ya madumu 20 ya maji ni madumu mangapi?

5. Mama ana michembe ya kujaza debe 12. Anaweka 2/3 kwa ajili ya kiangazi. Anaweka debe ngapi? Zinabaki ngapi?

Majibu: 1. Mayai 9. 2. Mbuzi 7. 3. Magunia 12. 4. Madumu 4. 5. Anaweka debe 8, zinabaki 4.

Swali la sita si langu. Siku ya Jumatano asubuhi, nilipokuwa nikifunga mzigo wangu nirudi, mtoto wa dada yangu alikuwa amevaa sare ya shule. Alinipa karatasi aliyoiandika kwa penseli, akasema, "Mjomba, waulize wasomaji wako. Jibu usiwape." Nami nimeahidi. Aliandika hivi:

Kuku wetu ni 18. Theluthi yake ni majogoo. Nusu ya majogoo baba ameuza. Jogoo mmoja amechinjiwa mjomba. Majogoo wamebaki wangapi?